Bolti imegoma? Usivunje mkono, usivunje bajeti

Jumamosi moja hapa Malton tulijilaza chini ya Honda Accord V6 ya 2003. Mkanda wa taimingi ulikuwa umefika wakati wa kubadilishwa, na hela ya fundi tulishaipangia ada ya shule nyumbani. Bolti ya puli ya krenki ikagoma kabisa.

Si ajabu, ndugu zetu. Bolti hiyo hukazwa kwa Nm 245, zaidi ya mara mbili ya nati za tairi. Shida si misuli, shida ni kuizuia puli isizunguke. Tuliazima kishikio cha pembe sita cha mm 50, soketi ya mm 19 na mpini mrefu uliovikwa bomba. Chomoa waya hasi wa betri, gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake, kisha sukuma kinyume cha saa. Usithubutu kuilegeza kwa kupiga stata: mpini ukiruka, mkono umekwenda, na mshahara nao.

Anza na bolti hii kabla hujafungua mengine. Ikikataa, gari bado linaendeshwa hadi kwa fundi mwenye spana ya upepo. Ila dai makadirio kwa maandishi kwanza. Sheria ya Ontario hairuhusu bili ipite makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10.

Yetu je? Ililia kama risasi, ikaachia. Jumatatu ada ikatumwa.