Darubini Idumuyo kwa Mlinzi wa Shamba

Mkulima mwenzangu, jasho la miezi mitano huweza kuliwa kwa usiku mmoja. Ukilima kando ya mto Rufiji, wawajua viboko na nguruwe mwitu; ukilima karibu na Hifadhi ya Mikumi, wawajua tembo. Mara nyingi mlinzi wa shamba hushindwa si kwa kukosa nguvu, bali kwa kuchelewa kuona. Kwa hiyo karatasi hii yaeleza jinsi ya kuchagua darubini idumuyo, ili fedha ya magunia yako isipotee bure mjini.

Wengi wasikiapo neno darubini huifikiri ile ifungwayo juu ya bunduki kwa kupigia mnyama aliye mbali. Hiyo ni ya mwindaji mwenye leseni na bunduki ya risasi. Juu ya gobori haina faida, maana shabaha ya gobori haifiki mbali. Tena, aangaliaye kwa darubini ya bunduki amekwisha kuelekeza mtutu kwenye kitu asichokijua bado. Wakati wa magharibi, katika mtama mrefu, mgongo wa jirani aokotaye kuni hufanana na mgongo wa nguruwe. Basi shika kanuni hii: tambua kwanza kwa darubini ya mkono, bunduki, kama ipo, ielekee chini. Wala usisahau ya kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila ruhusa.

Juu ya darubini utaona hesabu mbili, kama 8x40. Ya kwanza ni ukuzaji: tembo aliye mita 400 ataonekana kama yu mita 50. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, nawe utapata upana wa mwanga ufikao jichoni: 40 kwa 8 ni milimita 5. Darubini ya 10x25 hutoa milimita 2 na nusu tu, nayo huwa na giza jioni, saa ile ile wanyama watokapo porini. Usidanganywe na ukuzaji mkubwa. Ukipita 10, mtetemeko wa mikono yako hukuzwa pia, usione kitu sawasawa.

Ukiisha kuuza mazao yako Kariakoo, usinunue upesi kwa mtu apitaye njiani. Ingia dukani utakapopewa risiti, kisha omba ruhusa uijaribu mlangoni. Mtaa wa Uhuru, utokao Mnazi Mmoja kwenda Kariakoo, una majengo marefu; ukingo wa ghorofa na maandishi ya mbali ndiyo mizani yako.

Kwanza, itikise karibu na sikio. Kikilia kitu ndani, irudishe.

Pili, tazama ukingo wa ghorofa kwa macho yote mawili. Ukiona kingo mbili, au macho yakivutwa, mirija yake imekwenda kombo. Darubini ya namna hiyo italeta maumivu ya kichwa kabla ya kuleta faida.

Tatu, tazama kioo cha mbele kwa kukielekeza kwenye mwanga. Kioo kilichopakwa dawa vizuri huonyesha kivuli hafifu cha kijani au zambarau. Kisichopakwa hung'aa cheupe kama kioo cha dirisha. Wekundu mkali si dalili ya ubora.

Nne, chungulia ndani. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Pwani yetu ina joto na unyevu, na kuvu huharibu kioo hata kisisafishike. Kwa hiyo tafuta darubini iliyozibwa kwa pete za mpira na kujazwa gesi kavu ya nitrojeni, isiyoingia mvuke. Sifa hii ndiyo iletayo maisha marefu kuliko zote.

Tano, zungusha gurudumu la kurekebishia. Liende laini, bila kukwama wala kulegea. Darubini ya kubadili ukuzaji ina viungo vingi zaidi, navyo huharibika upesi.

Kama una leseni, majaribio ya kioo na ya kuzibwa yafaa pia kwa darubini ya bunduki. Uongeze mawili: jicho likae mbali na kioo, yapata sentimita 9, ili bunduki irukapo nyuma isikupasue nyusi, na baada ya safari ya barabara mbaya, piga shabaha tena uone kama haikuhama.

Nyumbani, pulizia vumbi kabla ya kufuta, maana mchanga hukwaruza kioo. Tumia kitambaa laini cha pamba. Usiiache juani, wala usilitazame jua kwa darubini kamwe, maana utapofuka.

Umwonapo tembo angali mbali, usimfuate. Waite watoto na majirani waondoke njiani mwake, kisha upeleke habari kwa mtendaji wa kijiji na askari wa wanyamapori. Hiyo nafasi ya kuwapeleka watu mahali pa salama ndiyo uliyoinunua mjini.