Mhudumu Ndiye Lebo ya Sahani

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam na shehena ya Rwanda au Burundi hupita juu ya mizani ya Nyakahura, wilayani Biharamulo, kabla ya kuendelea na safari ya kwenda mpakani, Rusumo au Kabanga. Pale hupimwa ekseli kwa ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, imeweka ukomo wa tani 56, na anayezidisha hulipa. Dereva na utingo wake wakishuka kutafuta chakula, wanaingia kwenye biashara isiyo na kipimo cha namna hiyo. Wali na maharage, ndizi za kupika, samaki wa kukaanga, ugali wa sembe au wa muhogo: vyote vinafika mezani bila maandishi yanayosema vimetoka wapi, vimepikwa saa ngapi na vimekaa muda gani. Njia pekee ya kujua ni kumwuliza aliyeileta sahani. Kwa hiyo nasema kwamba huyo aliyeileta, binti au kijana ambaye mara nyingi ndiye mwenye kauli ndogo kuliko wote pale hotelini, anafanya kazi ileile inayofanywa na lebo kwenye pakiti ya unga. Sheria na mafunzo yetu vimeishughulikia pakiti kwa bidii, na huyu vimemwacha nyuma. Mpaka atakapopewa habari za chakula anachokibeba, na ulinzi wa kuzisema, usalama wa mlaji wa barabarani utabaki kuwa bahati.

Tuanze na pakiti, kwa kuwa ndiyo iliyofikiriwa vizuri. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani yaliunda tume ya Codex mwaka 1963 ili nchi ziwe na viwango vya chakula vinavyofanana, na kanuni yake ya jumla ya kuweka lebo kwenye vyakula vilivyofungashwa ni ya mwaka 1985. Nchini kwetu kazi ya kusimamia chakula ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, hadi Julai 2019, ilipohamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Lebo inatakiwa itaje jina la chakula, viungo kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi na namba ya bechi. Wanunuzi wengi huangalia tarehe ya mwisho tu, na wengine huona ile mistari myeusi ya msimbo wenye tarakimu zinazoanza na 620 wakadhani ni cheti cha ubora. Tarakimu hizo zinaonyesha tu kwamba namba ilitolewa na ofisi ya Tanzania. Hazisemi lolote kuhusu usafi wa kiwanda. Kwangu mimi, chenye thamani kuu kwenye lebo ni vitu vitatu ambavyo haviuzi bidhaa hata kidogo: nani ametengeneza, lini, na bechi ipi. Hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu ajibu tatizo likitokea, na ndivyo vinavyowezesha unga mbaya kurudishwa kutoka madukani kabla haujaliwa wote.

Kijijini, pale muuzaji na mlaji wanapofahamiana, kazi hiyo hufanywa na ujirani. Mama anayekaanga samaki mtaani kwake hawezi kuwauzia watu samaki waliooza mara mbili. Mara ya pili hatapata mteja. Nyakahura ina walaji wa namna hiyo, na ina wengine kabisa. Anayekula mchana pale anaweza kulala Kigali, na tumbo likimvuruga usiku hatarudi kulalamika. Mwenye hoteli hatajua. Mpishi hatajua kwamba sufuria ile ilikuwa na tatizo, naye kesho atapika na kuhifadhi vilevile kwa nia njema kabisa. Katika biashara ya njiani lawama haimrudii mpishi, na lawama ndiyo mwalimu wa kwanza wa kila anayeuza chakula. Kwa sababu hiyo habari lazima ipatikane kabla ya kula, na lazima itoke kwa mtu aliye ndani ya jiko.

Habari gani hasa? Chukua wali, chakula ambacho wengi hukiona hakina hatari. Mchele mbichi mara nyingi huwa na bakteria waitwao Bacillus cereus, ambao hutengeneza mbegu ndogo zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukiiva saa tano asubuhi na kuachwa kwenye sufuria kubwa hadi jioni, joto lake hushuka polepole hadi kiwango ambacho mbegu hizo huamka na kuzaana, na baadhi yake hutoa sumu inayomtapisha mtu ndani ya saa chache. Sumu hiyo haiharibiki wali ukipashwa moto tena. Ndivyo ilivyo pia kwa sumu ya bakteria wengine wanaoishi kwenye ngozi na puani, ambao huingia chakulani kwa mkono wenye kidonda. Mchuzi mzito wa nyama nao una bakteria wake wanaopenda katikati ya sufuria, pasipofikiwa na hewa. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa wapishi ni mepesi kukumbuka: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala ubaridi, kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi kikisubiri mlaji, au kishushwe chini ya nyuzi 5. Majokofu ni machache kwenye majiko ya njiani, basi njia iliyobaki ni kupika kidogo kidogo mara nyingi, au kuweka chakula kwenye hotipoti kingali kinachemka.

Hapa ndipo hutokea pingamizi linalosikika kila jiko: moto huua kila kitu, na kiporo tumekila tangu utoto. Ni kweli kwamba moto huua wadudu wengi, na kiporo cha nyumbani, kilichobaki kidogo na kupoa upesi kwenye sahani, hakifanani na kilo kumi za wali zilizoshikilia uvuguvugu siku nzima. Ukubwa wa sufuria unabadilisha hatari. Lakini moto una mipaka mingine ambayo mpishi hawezi kuiona kwa macho wala kuionja kwa ulimi. Sumukuvu, inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizokaushwa au kuhifadhiwa vibaya, haiondoki kwa upishi wa kawaida. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125. Mwaka 2016 iliua tena hapa kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa vya kutosha hubaki na sianidi, na ulaji wake wa mfululizo wakati wa njaa ulileta ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo wilayani Tarime mwaka 1985. Kiwango cha Codex kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 tu za sianidi kwa kilo. Sahani moja ya ugali barabarani haitampoozesha mtu. Anayebeba mzigo wa sumu hizi ni mkazi anayekula unga uleule kila siku, pamoja na mhudumu mwenyewe.

Sasa angalia habari inavyopotea. Gunia la sembe kutoka kiwandani huingia jikoni likiwa na jina, tarehe na bechi. Linafunguliwa, unga unamiminwa kwenye ndoo pamoja na uliobaki wa gunia la jana na wa mashine ya jirani, na mfuko unageuka kuwa wa mkaa. Kuanzia dakika hiyo hakuna anayeweza kusema ugali wa mchana umetokana na nini. Serikali imetumia miaka kujenga maabara, kukagua viwanda na kuwapa wasindikaji wadogo njia ya kupata alama ya TBS kwa kupitia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na yote hayo yanaishia mlangoni mwa jiko. Kukata kipande cha mfuko chenye bechi na kukitundika ukutani hadi ndoo iishe hakugharimu senti. Kuandika kwa chaki saa ya kuepua sufuria hakugharimu senti. Mhudumu akiweza kusoma vitu hivyo viwili, ana jibu la kweli la kumpa mteja.

Kuwa na jibu, hata hivyo, hakutoshi kama kulisema kunamfukuzisha kazi. Fikiria nafasi ya mhudumu anayeulizwa kama samaki ni wa leo, na yeye anajua ni wa juzi, huku mwenye hoteli amesimama kaunta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Lakini ulinzi wake dhidi ya kuachishwa kazi bila sababu ya haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita, na likizo ya malipo, ya ugonjwa ikiwemo, ina kizingiti hichohicho. Kazi ya hoteli za njiani hubadilisha watu upesi. Kwa mfanyakazi wa namna hiyo kizingiti hicho ni ukuta. Matokeo yake yako wazi kwa yeyote anayefikiri: mwenye kuharisha huja kazini, kwa sababu asiyekuja halipwi, na mikono yake ndiyo inayokata kachumbari ambayo haitapikwa. Biharamulo haihitaji kuhubiriwa kuhusu jambo hili. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera, na wilaya hiyo ndiyo iliyokuwa kitovu chake. Ulipotangazwa kwisha mwezi Machi, vifo 10 vilikuwa vimehesabiwa. Marburg huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, hivyo siyo ugonjwa wa sahani. Lakini kila mkakati wa kuuzuia unategemea mtu mwenye homa abaki nyumbani na aseme anaumwa, na huwezi kumtaka hivyo mtu ambaye kusema anaumwa ni kulala njaa.

Wapo wanaosema mteja wa Kitanzania haulizi, anataka sahani ijae na bei iwe nafuu. Sikubaliani nao. Mwislamu huuliza nani amechinja. Mwenye kisukari huuliza kama uji umetiwa sukari, na mzazi wa mtoto anayevimba midomo kwa karanga huuliza kama mchicha umeungwa kwa karanga. Na swali la nani amechinja si dogo: Februari 2013, Buseresere, mkoani Geita, si mbali na Biharamulo, mvutano kuhusu uchinjaji uligharimu uhai wa mtu. Watu hawafiki huko kwa jambo wasilolijali. Mteja anauliza pale anapoamini jibu lina maana. Akizoea kujibiwa “vyote vipo, vyote vizuri,” hunyamaza, na ukimya wake usitumiwe kuwa ushahidi kwamba hahitaji kujua.

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama. Mama lishe mwenye meza moja ni mwajiri, mpishi na mhudumu kwa wakati mmoja, na kila kanuni mpya humwangukia yeye kabla ya kumfikia mwenye hoteli kubwa. Hofu hiyo ina msingi. Wakati wa kipindupindu kilichoanza Agosti 2015, halmashauri kadhaa zilipiga marufuku kuuza chakula mitaani, na waliopoteza mtaji ni wanawake hawa, wakiwemo waliokuwa wakichemsha maji na kunawisha wateja wao. Marufuku haitofautishi jiko safi na chafu kwa sababu hakuna kumbukumbu inayoyatofautisha. Chaki ukutani na kipande cha mfuko vingemlinda mama lishe makini kuliko kibali chochote, maana angekuwa na cha kumwonyesha bwana afya anapokuja, mbali na kulia.

Gharama za kweli ni za vifaa: hotipoti kubwa, ndoo zenye bomba, sabuni, sufuria za ziada za kupikia kidogo kidogo. Fedha zake hazihitaji mradi mpya. Halmashauri zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake. Vitambulisho vya wajasiriamali vilivyouzwa kwa shilingi 20,000 kuanzia mwishoni mwa 2018 vilionyesha kwamba dola inaweza kumfikia mama lishe hadi mezani kwake inapotaka kumwandikisha, ingawa kitambulisho hakikumwuliza lolote kuhusu chakula. Halmashauri ya Wilaya ya Biharamulo ingeweza kuanzia Nyakahura, kwa vikundi vinavyolisha watu wa malori: mkopo uje na vifaa hivyo, bwana afya atumie siku moja kuwafundisha habari ya saa na ndoo, na kwa hoteli zenye wafanyakazi, leseni isihuishwe mpaka kila mhudumu awe na maandishi ya ajira yanayosema kwamba akikataa kupeleka chakula kilichopita muda, au akibaki nyumbani kwa kuharisha, hapotezi kazi wala ujira wa siku hiyo.