Printa ya Wino Huuawa na Kukaa Bure

Printa ya wino hununuliwa kwa shughuli moja: kadi za harusi ya mdogo wako, au albamu ya mtoto anayetimiza mwaka. Shughuli ikiisha, inafunikwa kitambaa na kupandishwa juu ya kabati. Miezi mitano baadaye inawashwa, inatoa picha yenye mistari mistari, na uso wa bibi harusi umekuwa wa kijani. Hapo hukumu inatoka: feki hii, itupwe.

Mimi naitetea. Uso ule ni wa kijani kwa sababu rangi moja kati ya nne, majenta, haikutoka. Samawati na njano zikibaki peke yake huzaa kijani. Mashine haijafa, vitundu vyake vimeziba, na vimeziba kwa sababu ya namna yake ya kurusha wino, jambo ambalo mteja haelezwi dukani.

Mwaka 1977, katika maabara ya Canon huko Japani, chuma cha moto cha kulehemea nyaya kiligusa kwa bahati sindano ya bomba lenye wino. Wino ukaruka kutoka kwenye ncha. Mtafiti Ichiro Endo hakuliacha jambo lile lipite hivi hivi, na humo ndimo ilimozaliwa printa ya viputo. Marekani nako, wahandisi wa Hewlett-Packard waliifikia njia hiyohiyo, wakatoa ThinkJet mwaka 1984. BJ-80 ya Canon ikafuata mwaka 1985.

Igeuze katriji ya printa ya namna hii uitazame chini. Kuna kibamba chembamba chenye safu za vitundu ambavyo jicho halivitenganishi, kila kimoja chembamba kuliko unywele. Kila kitundu kina hita yake ndogo. Umeme ukipita kwa muda wa sehemu chache za milioni za sekunde, hita inapanda hadi nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi. Wino hauchemki wote. Ni utando ule tu unaogusa hita ndio unaogeuka mvuke papo hapo. Kiputo kinavimba na kulisukuma tone nje. Umeme unakatwa, hita inapoa, kiputo kinasinyaa, na nafasi kinayoiacha inavuta wino mpya. Halafu tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Tone lenyewe ni pikolita chache, na pikolita ni sehemu moja ya milioni milioni ya lita. Shavu unaloliona kwenye picha limejengwa kwa matone hayo, ya njano na majenta kwa wingi, samawati kidogo, yamesogeana mpaka jicho likayachanganya.

Kampuni ya Epson ilishika njia nyingine: fuwele zinazojikunja zikipitishiwa umeme, bila joto. Tofauti inayomgusa mwenye printa ni hii: kwenye printa nyingi ndogo za viputo kichwa huja na katriji, ukibadilisha katriji umepata kichwa kipya. Cha Epson kimefungwa ndani ya mashine, hivyo kikiziba kisawasawa gharama yake ni kubwa.

Sasa, sehemu kubwa ya wino wa printa ni maji. Mlangoni mwa kitundu maji hukauka, rangi inabaki na kuwa kizibo. Ndiyo maana kila kazi ikiisha kichwa hurudi pembeni kukalia kifuniko cha mpira. Ukizima printa kwa kuchomoa waya ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinaweza kubaki wazi. Umeme ukirudi, iwashe hata kama huna la kuchapa, kichwa kirudi mahali pake, kisha izime kwa kitufe chake. Na kila wiki ichape ukurasa mmoja mdogo wenye rangi zote nne. Ikiwa imeshaziba, usibonyeze amri ya kusafisha mara kumi. Kama kichwa kiko kwenye katriji, itoe, ilaze kibamba chini juu ya kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa, iache usiku kucha.

Nakataza kusafisha mara kumi kwa sababu kila usafishaji unamwaga wino, nao unaishia kwenye sponji lililo chini ya mashine. Printa nyingi huhesabu kiasi kilichomwagwa, na hesabu ikijaa hugoma kabisa, kila kitu kingine kikiwa kizima. Naliona hilo kuwa kosa kubwa la watengenezaji. Sponji ni kitu cha kubadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi, wala halistahili kuwa sababu ya mashine nzima kwenda dampo. Bei ya wino nayo watumiaji walishaijibu kwa vitendo: walitoboa katriji, wakapitisha mipira na kuweka chupa za wino pembeni, na mwaka 2010 Epson wenyewe wakaanza kuuza printa za matangi nchini Indonesia.

Kwa anayetengeneza albamu na kadi, jambo la kujua ni kwamba printa ya nyumbani haina wino mweupe. Weupe wa shela ni karatasi yenyewe. Ukichapa kwenye manila ya buluu au karatasi ya kaki, shela itakuwa buluu au kaki; chapa kwenye nyeupe, kata, ubandike. Na picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka nukta 1200 kwa 1800 ili isivunjike. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo mwambie aliyepiga akutumie kama dokumenti.

Wino wa rangi iliyoyeyuka majini hung'aa sana lakini tone la chai linautawanya, na jua huufifisha. Wenye chembe za rangi hustahimili zaidi. Hewa ya pwani yenye unyevu haimsamehe mzembe. Mifuko ya plastiki ya PVC kwenye albamu za bei rahisi hunata na picha kwa joto, na karatasi yenye asidi huwa ya njano kama gazeti la zamani. Tafuta karatasi na gundi zisizo na asidi. Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na picha zake za nyeusi na nyeupe bado zinatazamika leo. Inaniuma kuona picha za harusi za juzi zikipotea na simu iliyoibiwa kwenye daladala, hakuna hata karatasi moja iliyobaki.

Ukishaielewa, kazi ni nyingi: kadi za michango, bahasha, lebo za chupa za asali, vibandiko vya madaftari, maua ya kukata, vikaragosi vya kukunja vya watoto, kalenda, picha za kuhamishia kwenye fulana kwa pasi. Picha za juu ya keki pia, ila hizo zinataka wino wa kulika na printa yake peke yake, ambayo haijawahi kutiwa wino wa kawaida.