Pangaboi la Motakaa na Mlima wa Lushoto

Kila mtoto wa Usambara aijua barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto. Mombo ni mji wa chini, uwandani, penye joto, kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto, mji ambao zamani Wadachi waliuita Wilhelmstal, uko juu milimani, kiasi cha mita 1,400. Baina ya miji hii miwili njia hupanda na kupindapinda kwa kilometa 30 na zaidi, ikipita Soni penye maporomoko ya maji. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde. Motakaa nyingi hupanda salama. Lakini nyingine, hasa zilizo kuukuu, husimama njiani zikitoa mvuke kama birika. Kwa nini?

Sababu ni hii. Ndani ya injini petroli huwaka, na moto huo huleta nguvu na joto pamoja. Joto lisipoondolewa, vyuma hupanuka, hupinda, na injini hufa. Kwa hiyo pampu huyazungusha maji: hupita katika injini yakichukua joto, kisha huenda katika rejeta iliyo mbele ya motakaa. Rejeta ina mirija mingi myembamba. Upepo upitao katikati ya mirija hiyo hulichukua joto, na maji yaliyopoa hurudi injini kuanza kazi tena. Ndivyo afanyavyo mtoto apuliziaye uji: pumzi yake huiondoa hewa ya moto iliyo juu ya uji, na hewa baridi hushika mahali pake.

Katika uwanda motakaa ikienda mbio, upepo huja wenyewe. Mlimani mambo hugeuka. Injini hufanya kazi nyingi, lakini motakaa huenda polepole, na upepo ni haba. Hapo ndipo pangaboi hufaa. Tena liko jambo la pili: kadiri tupandavyo, hewa huwa nyepesi na maji huwahi kuchemka. Pwani huchemka kwa digrii 100. Lushoto kwa digrii 95 hivi. Ndiyo maana rejeta nyingi hufungwa kwa kifuniko chenye springi, kiyakandamizacho maji yasichemke mapema.

Hebu tumfikirie mtu mwenye motakaa kuukuu ya mbio, yenye viti viwili, naye ataka kuipandisha Lushoto. Amekwenda kwa fundi. "Fundi, nifunge pangaboi la namna gani?" Fundi mwema hatajibu upesi, maana yako mapangaboi ya namna mbili.

La kwanza huzungushwa na mkanda utokao katika injini yenyewe. Uzuri wake ni kwamba haliombi umeme. Mlimani, katika gia ndogo, injini huzunguka kwa kasi, na pangaboi nalo huzunguka kwa kasi, ijapokuwa motakaa yaenda polepole. Ubaya wake ni kwamba hula sehemu ya nguvu za injini siku zote, hata asubuhi ya baridi lisipohitajiwa. Tena motakaa ikisimama mjini injini ikiwaka polepole, nalo hulegea.

La pili huzungushwa na mota ya umeme. Maji yakizidi joto, swichi huliwasha, yakipoa, huzima. Huvuma sawasawa hata motakaa ikisimama. Lakini umeme huo watoka wapi? Haya, tufanye hesabu. Dainamo ya motakaa nyingi ndogo za zamani hutoa ampea 22 hivi. Tuseme pangaboi lataka ampea 10, taa ampea 10, mtambo wa cheche ampea 4, na wipa za kioo ampea 3. Jumla ni ampea 27. Ukungu wa Usambara ukishuka na mvua ikinyesha, vyote vitawaka pamoja, na ampea 5 zilizopungua zitatoka katika betri. Betri ikiisha, pangaboi litanyamaza, taa zitafifia, na bonde liko pale pale kando ya njia.

Basi fundi atasema, "Bwana, kwa dainamo hii, baki na pangaboi la mkanda. Ukitaka la umeme, badili kwanza dainamo, utie alternata yenye nguvu zaidi."

Wala pangaboi la mkanda si la kudharauliwa. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mashindano ya motakaa ya East African Safari, yaliyoanzishwa mwaka wa 1953. Motakaa yake ilikuwa Datsun 240Z, na Datsun za namna hiyo zilitoka kiwandani na pangaboi la mkanda.

Mahali pa kulifunga nako kuna maana. Likiwa nyuma ya rejeta huvuta upepo. Likiwa mbele husukuma, lakini huuzuia upepo ujao wenyewe. Kwa hiyo nyuma ni bora, nafasi ikiwapo. Tena lizungushiwe bamba lifikalo kingo za rejeta, upepo usitoroke pembeni bali upite katika mirija yote.

Lakini kabla ya kununua lolote, atazame kwanza: je, rejeta imeziba kwa matope au kutu? Mkanda umelegea? Mipira ya maji inavuja? Pangaboi jipya haliponyi rejeta iliyoziba.

Na neno la mwisho ni lenu, ninyi mtazamao motakaa zikisimama njiani. Wahenga walisema, maji ya moto hayachomi nyumba. Lakini huchoma uso na mikono. Rejeta ikichemka, mtu asifungue kifuniko. Maji yale yamekandamizwa, na yakifunguliwa huruka juu mara moja pamoja na mvuke. Injini izimwe, watu wangoje mpaka rejeta ipoe kabisa. Nusu saa ya kungoja ni afadhali kuliko kovu la maisha.

Maswali
1. Kwa nini motakaa huchemka mlimani kuliko uwandani?
2. Ikiwa dainamo yatoa ampea 22, na pangaboi lataka ampea 6 badala ya 10, je, umeme utatosha?
3. Kwa nini ni hatari kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto?