Kijana Anayesoma Simu ya Nyumba Nzima

Hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, simu moja hutumiwa na watu wengi. Baba hupokea hela kupitia simu hiyo, mama huulizia bei ya samaki aina ya ndagala, na jioni hushikwa na kijana wa miaka 14 au 15 anayejua kuisoma upesi. Ujumbe wa Kifaransa ukifika, yeye ndiye anayemfasiria bibi. Ujumbe huo ukidai kwamba majani fulani yanaponya kipindupindu, neno la kijana linaweza kuamua kama mgonjwa atawahishwa kituo cha afya au atabaki kitandani. Kazi nzito hiyo tumemwachia bila kumfundisha. Shule ndiyo inayopaswa kumfundisha.

Mji wetu hauna nafasi ya kukosea katika mambo ya afya. Kipindupindu hakiondoki Uvira. Maji ya bomba yakikatika, watu hurudi kuteka ziwani na mitoni. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na mwaka huohuo wakaazi walichanjwa dhidi ya kipindupindu. Kisha ikaja mpox, ugonjwa wa vipele. Aina mpya ya kirusi chake, iliyoanzia Kamituga mwaka 2023, ilifika Uvira, na watoto wakawa wengi miongoni mwa wagonjwa. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

Uvumi katika nyakati kama hizo hugharimu maisha. Septemba 2018, Ebola ilipokuwa Kivu Kaskazini, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya kila wanne alisema ugonjwa huo haupo, na waliosadiki uvumi walikuwa wazito zaidi kukubali chanjo.

Je, mtoto anaweza kufundishwa kupima maneno ya afya? Uganda imeshajibu. Mwaka 2016 shule 120 za msingi zilishiriki jaribio lililohusisha zaidi ya watoto elfu kumi. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha picha na vipindi vya kujifunza kuhoji madai ya tiba. Mwishoni, asilimia 69 ya waliofundishwa walifaulu mtihani. Kwa wasiofundishwa ilikuwa asilimia 27. Mwaka 2022 jaribio kama hilo lilifanywa katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Rwanda, na waliofundishwa wakawaacha wenzao mbali tena. Masomo hayo yaliandaliwa ili mwalimu mwenye projekta aitumie, na asiyekuwa nayo atumie ubao na chaki. Kwa hiyo ukosefu wa umeme au kompyuta si sababu ya kungoja.

Hebu tufikirie kipindi kimoja hapa kwetu. Mwalimu anaandika ubaoni maelezo ya maji ya kumnywesha mtu anayehara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pembeni anaandika maelezo yaleyale, ila chumvi na sukari zimebadilishana vipimo. Ujumbe wa namna hiyo huweza kusambaa WhatsApp kwa dakika chache, na chumvi ikizidi, mtoto huzidi kukaukiwa mwilini. Wanafunzi waulize: nani amesema haya? Ameyasema lini, na wapi? Anajuaje? Nani mwingine anayathibitisha: muuguzi, ofisi ya zone ya afya, au redio kama Radio Okapi? Jibu likikosekana, ujumbe usitumwe mbele.

Usalama wa wanafunzi wenyewe uingie katika somo hilohilo. Namba ya siri ya tarakimu sita ambayo WhatsApp hutuma kwenye simu asipewe mtu yeyote, hata akijiita rafiki, kwa sababu aliye nayo anaweza kuichukua akaunti. Mgonjwa mwenye vipele hapigwi picha. Picha ikishasambaa hairudi, na jirani atakayeogopa aibu hiyo ataficha ugonjwa. Mtu asiyejulikana akimwomba binti picha za mwili wake kisha akamtisha, binti asilipe, asifute ujumbe, amwambie mtu mzima anayemwamini. Sheria iko upande wake: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, na nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali, Code du numérique, tangu tarehe 13 Machi 2023. Lakini mtoto anayetarajia fimbo au kicheko hatasema neno. Mwalimu ahakikishe kwamba anayekuja kueleza hapigwi wala haaibishwi.

Wapo watakaosema madarasa yamejaa, walimu wamechoka, na simu zimekatazwa shuleni. Zikatazwe, somo hili halizihitaji darasani. Wala halidai saa mpya. Nafasi yake ipo ndani ya somo la Éducation à la vie, na katika masomo ya teknolojia ya darasa la saba na la nane. Kinachohitajika ni wakuu wa shule kukubaliana na zone ya afya: muuguzi aje darasani kila muhula, alete habari ya ugonjwa uliopo wakati huo, na awaachie wanafunzi namba ya kumuuliza uvumi unapozuka. Tukifanya hivyo kuanzia mtaa wa Kavimvira hadi ule wa Kalundu, kila nyumba yenye mwanafunzi itakuwa na mtu wa kuuliza swali kabla ya ujumbe wa uongo kufanya madhara.