Mwelekeo wa Upepo na Usalama wa Majengo Marefu: Mfano wa Citicorp Center, New York

Katika jengo fupi, mzigo mkuu unaomshughulisha mhandisi ni uzito. Kadiri jengo linavyorefuka, ndivyo kani ya upepo inavyozidi kutawala usanifu wake. Upepo huvuma kwa kasi zaidi juu kuliko karibu na ardhi, na kasi hiyo ikiongezeka mara mbili, shinikizo lake huongezeka mara nne. Makala haya yanafafanua jinsi mwelekeo wa upepo unavyoathiri viungio vya jengo, kwa kurejelea jengo la Citicorp Center nchini Marekani, lililokamilika mwaka 1977.

Jengo hilo lina orofa 59 na urefu wa mita 279. Kwa kuwa pembe moja ya kiwanja ilikuwa ya kanisa, nguzo kuu za pembezoni ziliwekwa katikati ya pande nne badala ya kwenye pembe. Mihimili ya chuma ya mshazari hupokea kani za upepo na kuzishusha hadi kwenye nguzo. Viungio vyake, vilivyokusudiwa kulehemiwa, vilifungwa kwa bolti.

Kanuni za ujenzi za wakati huo zilidai hesabu za upepo unaopiga uso wa jengo moja kwa moja. Mwaka 1978, mhandisi William LeMessurier alikokotoa athari za upepo unaopiga pembe, ambao husukuma pande mbili kwa pamoja. Hesabu zake zilionyesha kwamba kani katika baadhi ya mihimili ingeongezeka kwa asilimia 40, ilhali nguvu ya kuvuta viungio ingeongezeka kwa asilimia 160.

Tofauti hiyo inaelezeka. Upepo huvuta kiungio, uzito wa jengo hukibana. Tuseme upepo unavuta kwa vizio 4 na uzito unabana kwa vizio 3: bolti hubeba kizio 1. Upepo ukiongezeka hadi vizio 5.6, uzito haubadiliki, nazo bolti hubeba vizio 2.6.

Mwaka huohuo, mabamba ya chuma yalilehemiwa usiku juu ya viungio. Umma haukufahamu ukubwa wa hatari hiyo hadi mwaka 1995.

Hivyo basi, badiliko la kiungio, hata likionekana dogo, halina budi kupimwa upya dhidi ya upepo wa kila upande.