Fahamu: Familia ya kifalme ya Uingereza mitandaoni

Ni akaunti rasmi za Instagram, X na YouTube ambazo familia hiyo huzitumia kuzungumza na umma bila kupitia magazeti.

Malkia mwenyewe alianza lini kuzitumia?

Malkia Elizabeth II aliandika ujumbe wake wa kwanza Twitter (sasa X) Oktoba 2014; Instagram ikafuata Machi 2019.

Umma unasemaje?

Umegawanyika. Wapo wanaofurahia ukaribu huo. Wengine huona taasisi isiyopigiwa kura ikijipigia debe.

Mgawanyiko huo ulionekana Machi 2024, pale mashirika ya habari, AP likiwemo, yalipoiondoa picha ya Kate, mke wa Mwanamfalme William, na wanawe iliyowekwa kwenye akaunti hizo: kumbe ilikuwa imehaririwa. Kate akaomba radhi, lakini uvumi kuhusu afya yake ukazidi. Machi 22 alitangaza kwa video kuwa anatibiwa saratani, na kejeli nyingi zikageuka pole.